Funda la Kwanza Nyumbani kwa Mkunga

Chai ya kwanza niliyomiminiwa na mama yake niliitema.

Sikuitema kwa siri, kama mtu aliyeungua ulimi akajifuta kwa leso. Niliitema mbele yake, kwa nguvu, ndani ya chungu cha mmea wake, kisha nikafuta midomo kwa mgongo wa mkono nikangoja kikombe cha pili. Niliona nyuso zao ndipo nikakumbuka nilikuwa wapi na nilikuja kufanya nini. Nilikuja kuonekana. Nilikuja ili mama wa mwanaume ninayempenda anitazame, anipime, aseme ndiyo.

Kazini wananiita Ulimi. Mimi ni mwonjaji katika kiwanda cha kufungasha chai. Kila asubuhi vikombe vyeupe mia na ishirini hupangwa mezani kwa mstari, nami huvipitia na kijiko changu. Napiga funda moja kwa mvumo mkubwa, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni, ili chai itawanyike kinywani na mvuke wake upande puani. Halafu natema kwenye ndoo yenye magurudumu ninayoisukuma kwa mguu. Anayemeza mia na ishirini hawezi kukuambia lolote kuhusu cha mwisho. Nimetema hivyo miaka sita, na sijawahi kuona aibu.

Watu wakiniona mara ya kwanza hucheka. Fundi hakucheka. Fundi ni fundi mizani, huja kila mwisho wa mwezi kukagua mizani ya kiwanda. Siku ile ya kwanza alisimama mlangoni na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, akaningoja nimalize meza nzima. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hicho cha saba umekirudia. Kina nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kugundua kwamba huwa narudia kikombe. Nilimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kungoja sindano itulie kabla ya kusema uzito. Tangu siku hiyo mizani ya chumba chetu ikaanza kuharibika mara kwa mara. Kwa nini, siwezi kusema.

Basi Jumamosi hiyo saa kumi alasiri nilikuwa nimekaa sebuleni kwao, gauni limenyooshwa, magoti yamebanana. Mama yake ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imeingia duniani kupitia viganja vyake, na mtaa wote unamwita Mkunga, hata wanaume wenye mvi. Dirishani kwake unaona bustani ndogo iliyozungushiwa ukuta, na ndani yake miwaridi mitatu: mweupe, mwekundu, na wa pinki wenye maua yaliyojaa petali kama kabichi changa.

Dada yake Fundi, ambaye nilikuwa nikimwita wifi moyoni kabla hajaniruhusu, alikaa kinyume changu akinichambua kama mchele.

"Kwa hiyo kazi yako ni kunywa chai," akasema. "Na mshahara unapewa."

"Napewa kwa kutokunywa," nikajibu.

Fundi akacheka. Wifi hakuelewa. Laiti ningelimwelewesha hapo hapo.

Mkunga akaingia na sinia mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, na vidole virefu visivyolingana na mwili wake. Alimimina chai ya waridi kutoka kwenye birika la kioo, na rangi yake ilikuwa kama kucha ya mtoto mchanga. Akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili.

"Maua ni ya hapo nje," akasema. "Karibu, mama."

Nikapiga funda.

Chai mbaya ningeimeza kwa adabu zangu zote. Nimekwisha kumeza supu za chumvi na juisi za maji kwa watu, nikashukuru. Ile ilikuwa nzuri mno hata ikanisahaulisha. Harufu ilipanda taratibu, ikatulia nyuma ya macho, halafu ikaja chachu nyembamba ikaisafisha njia, na mwishoni, pale ambapo maua mengi huacha uchungu, hapakuwa na uchungu wowote. Miaka sita nimeonja majani ya kila bonde, na sikuwahi kuonja mkono safi kiasi hicho. Mwili wangu ukaenda kazini peke yake. Nikavuta funda la pili kwa mvumo ule wa kiti, mguu ukatafuta ndoo, ndoo haikuwepo, nikageukia chungu.

"Mama," wifi akasema polepole. "Ametema."

"Nimeona. Macho yangu mazima."

Fundi alikuwa amesimama. "Mama, ni kazi yake. Wao ndivyo wanavyoonja. Nilisahau kukuambia."

Mkunga hakumtazama. Alinitazama mimi, na hakuwa na hasira bado. Aliinama kidogo, akaniuliza kama mtu anayeuliza kwa daktari. "Ina nini?"

"Haina kitu, mama. Ni nzuri. Ni nzuri kuliko..."

"Kitu kizuri kinatemwa?"

"Kwetu sisi..."

"Ina nini, binti? Sema."

"Haina kitu, naapa."

Akaninyang'anya kikombe taratibu. "Miaka thelathini na minne nawamiminia watu chai hii. Wamekunywa wenye uchungu wa uzazi, ambao hata maji yanawashinda. Hakuna aliyeitema." Akaweka kikombe kwenye sinia. "Mwanangu, mrudishe binti wa watu kwao. Na usimlete tena."

*

Tulisimama nje ya geti, yeye ameegemea ukuta, mimi nimeshika mkoba kama ngao.

"Ulisahau vipi kumwambia mama yako?" nikamuuliza. "Kitu kimoja tu cha kumwambia."

"Nimekuona ukitema mara ngapi? Nimezoea. Nilisahau kwamba watu wengine humeza."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Hilo ndilo tatizo la Fundi, huwezi kumkasirikia hadi mwisho.

"Akishikilia hapana, utafanya nini?"

Namjua. Alikuwa anangoja sindano itulie.

"Mama amebaki na sisi wawili," akasema. "Alitulea kwa kukesha milangoni pa watu. Siwezi kukuoa huku yeye amefunga mlango, Ulimi. Nitakuja kwako nusu, nawe utaishi na nusu mtu, na baada ya miaka miwili utaanza kuitafuta nusu nyingine. Nakupenda kiasi cha kutokufanyia hivyo."

"Maneno matamu hayo. Maana yake ni hapana."

"Maana yake nitamwomba kila siku."

"Umwombe wewe, kwa kosa langu?" Nikapachika mkoba begani. "Nitakuja mwenyewe kesho alfajiri."

"Atakufukuza."

"Mkunga hamfukuzi mtu anayegonga alfajiri. Hajazoea."

Akanitazama kwa macho yale, na pale pale penye vumbi la barabara nikajua kwamba mtu huyu akinipotea, nitaonja kila kitu duniani na hakuna kitakachokuwa na ladha.

*

Kulikuwa hakujapambazuka vizuri nilipogonga geti. Sauti ikajibu kutoka bustanini, nyepesi na ya haraka.

"Nani ameshikwa na uchungu?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi wa jana."

Komeo likafunguliwa. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, kikapu mkononi, umande hadi magotini.

"Marahaba. Wewe." Akanitazama viatu. "Na umekuja na visigino. Haya, vua, shika kikapu. Waridi haliningoji nimalize ugomvi. Jua likishalipiga, harufu yake yote inakwenda kwa majirani."

Nikavua, nikashika. Nilijua mengi ya majani ya chai lakini waridi sikuwa nimewahi kulichuma, na nilisimama nyuma yake kama mwanafunzi. Hakuchuma ua lililofunga wala lililochoka. Alichagua lililofumbuka nusu, akalishika chini ya kichwa, akalizungusha mara moja, likaachia. Kwenye kila tawi aliacha maua mawili.

"Ya nyuki," akasema, bila kuulizwa. "Nao wana watoto."

Alipokuta vidukari aliwafuta kwa kidole gumba na kitambaa chenye maji.

"Hutumii dawa?"

"Ningetumia dawa ningewanywesha nini wazazi wangu, wale waliojifungua kwangu? Waridi la dukani ni la kutazama. La kunywa ni lile ulilolifuta makalio mwenyewe."

Nilicheka kabla sijajizuia. Hakucheka, lakini hakuniambia nirudi kwetu.

Jikoni alimwaga maua juu ya kitambaa cheupe, akakusanya petali za ua moja zikalalana kama kurasa, akakata vitako vyake vyeupe kwa mkasi mdogo. Tik. Ua lingine. Tik. Uchungu wa waridi unakaa pale penye weupe. Ndiyo maana chai yake haikuwa na mkia mchungu. Aliona ninautazama mkasi.

"Usiogope, si ule wa vitovu."

"Sikuogopa, mama."

"Uliogopa." Tik. "Jana ulisema ilikuwa nzuri. Kila mtu husema. Mwanangu husema, jirani husema, mchungaji wa mbuzi akipita husema. Neno 'nzuri' ni la bure. Kama una ulimi kweli, niambie ilikuwa na nini."

Nikafumba macho. Sikuhitaji kutafuta, ilikuwa bado imekaa palepale nyuma yake.

"Mawaridi mawili," nikasema. "La pinki ndilo lililo mbele. Jekundu ni kidogo, labda sehemu moja kwa tatu. Hilo linatoa rangi na ile chachu. Jeupe hukuliweka. Yamekaushwa kivulini, juani yangenukia kama nyasi. Yaligeuzwa mara nyingi, hakuna petali iliyovundia chini ya mwenzake. Maji yalichemka kisha yakaachwa yapumue. Na ulifunika birika. Dakika tano, sita."

Mkasi ulikuwa umesimama.

"Sita," akasema. "Nahesabu kwa saa ya ukutani."

"Mama, mimi natema ili nisikie vizuri. Nikimeza, koo inaichukua haraka. Chai yako sikutaka koo iichukue."

Aliinuka, akafungua kabati, akaleta chupa tatu za petali kavu, akachemsha maji, akaziloweka kila moja kwenye bakuli lake, akatazama saa dakika sita nzima. Nilimtazama anavyofanya kazi. Kipimo chake kilikuwa vidole vitatu, hakirudiwi, na kila kipimo kilikuwa sawa na mwenzake. Nikamwona Fundi mzima katika mikono ile. Hapo ndipo alipojifunza kungoja.

"Onja," akasema. "Niambie ipi ni ya lini."

La kwanza lilikuwa la juma hili. La pili lilikuwa la zamani kidogo, limechoka, lakini bado lina heshima zake. Nikageukia la tatu, na kabla kijiko hakijafika midomoni mafuta ya taa yakanipiga puani.

Nikadhani ni mtego. Nikamtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa amejimiminia kikombe kutoka bakuli hilohilo la tatu, ameinua, anapuliza mvuke, uso umetulia kabisa. Mvuke ule ungelimwamsha mtu aliyelala chumba cha pili.

Nikaziba kikombe chake kwa kiganja.

"Usinywe, mama."

"Kwa nini?"

"Ina mafuta ya taa."

Akakitazama kikombe. Akakileta puani, akavuta pumzi ndefu, akavuta tena. Kisha akakiweka mezani kwa uangalifu, kama kitu kinacholala.

"Juzi umeme ulikatika," akasema. "Nilijaza taa. Nadhani nilifuta chupa kwa kitambaa nilichofutia taa."

"Tangu lini, mama?"

Saa ya ukutani ikapiga hatua zake. Niliogopa kwamba nimeuliza kitu ambacho mtoto wa watu haulizi.

"Mwaka jana, baada ya homa iliyonilaza," akasema. "Niliamka siku moja nikaenda kuchuma, nikadhani miwaridi imekufa. Kumbe iliyokufa ni pua." Akaanza kukusanya vitako vyeupe mezani, kimoja kimoja. "Nilikuwa najua homa ya mzazi kwa pua kabla kipima joto hakijatoka mfukoni. Sasa nachuma kwa macho, nakausha kwa vidole, naloweka kwa saa. Wananiambia ni nzuri. Nami nasema moyoni, wananihurumia majirani hawa, wananihurumia watoto wangu. Jana ulipotema, nikajua. Nikasema huyu hanijui, hana sababu ya kunihurumia, huyu ndiye ameniambia ukweli."

Kwa hiyo ndiyo maana aliniuliza mara mbili ina nini. Alikuwa anauliza kwa kweli, nami niliapa haina kitu, na kila kiapo kilimzidishia hakika kwamba chai yake imeharibika.

"Mama," nikasema. "Mwaka mzima unaitengeneza hii bila kuisikia? Sisi tuna vipimo vya umeme kiwandani, tuna vyumba vya baridi, na hatujawahi kuikaribia. Nakuvulia kofia."

"Huna kofia."

"Ningekuwa nayo."

Kona ya mdomo wake ikapanda. Mara ya kwanza. Kisha akanishika kifundo cha mkono, na mshiko wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuvuta maisha kutoka gizani.

"Sikiliza, binti. Mwanangu anakutaka, sijapata kumwona akitaka kitu hivi tangu azaliwe. Nitasema ndiyo. Leo, mbele ya dada yake. Sharti langu ni moja, neno hili lisitoke jikoni humu. Wakijua watanitoa jikoni, watanikalisha kitini na mto mgongoni. Wewe utanusa, mimi nitafanya. Watoto hawatajua."

Mbele yangu palikuwa na kila nilichokijia. Nilikuwa nimeshaliona gauni la harusi. Ilikuwa imebaki kuitikia kwa kichwa.

Macho yangu yakaenda kwenye jiko. Mtungi wa gesi ulikuwa chini ya meza, mpira wake umepinda.

"Siku gesi hiyo ikivuja, mama, nani atakuambia?"

"Nafunga kila usiku."

"Mpira unachakaa hata ukifunga."

"Mwaka mzima haijavuja."

"Siwezi," nikasema. Nilisikia maneno yakitoka na nikataka kuyarudisha, lakini ulimi huu umeajiriwa kusema kilichomo kikombeni, haujui kazi nyingine. "Nikikubali, kila nikimtazama mwanao nitakuwa nautazama mpira ule. Unikatae tu, mama. Lakini leo hii atajua. Umwambie wewe, au nimwambie mimi."

Akaniachia mkono. Alinitazama kwa muda mrefu sana, nami sikuinamisha kichwa, ingawa machozi yalikuwa yameshaanza safari. Nilikuwa nimempoteza. Nilianza kutafuta viatu vyangu kwa miguu chini ya meza.

Geti likalia. Fundi akaingia jikoni, shati limefungwa vifungo upande.

"Shikamoo, mama. Nimeshindwa kulala. Nimekuja kumchukua, kama amekukosea tena..."

"Kaa," mama yake akasema.

"Mama, nakuomba..."

"Kaa, mwanangu. Pua yangu haifanyi kazi. Ina mwaka sasa. Sisikii waridi, sisikii moshi, sisikii gesi. Nimewaficha. Huyu amegundua kwa dakika kumi, nikampa wewe kama hongo ili anyamaze, akakataa." Alisema yote kwa pumzi moja, kama anavyowaambia wazazi wasukume. "Leo ubadilishe mpira wa jiko. Na ukinitoa jikoni kwangu nitakuchapa na urefu wako wote."

Fundi alikaa. Alimtazama mama yake, kisha mimi, kisha mikono ya mama yake mezani kati ya petali. Akaishika yote miwili, akaweka paji la uso juu yake. Mkunga akamwacha hivyo kidogo, akamtazama kisogoni kama alivyomtazama, nadhani, siku ile alipomvuta duniani mwenyewe. Halafu akajitoa mkono mmoja, akachagua ua la pinki kutoka kikapuni, akanipa.

"Leo likoje?"

Nikalivuta hadi mwisho wa pumzi. "Limelala na umande, bado zito. Kuna asali mbele, ya nyuki wadogo. Chini yake kuna kitu kama ganda la limau lililokwaruzwa sasa hivi. Na mbali kabisa, mama, mbali, pilipili manga. Chembe moja."

Alikuwa amefumba macho. "Pilipili manga," akarudia taratibu. "Nilikuwa nimeisahau hiyo."

Nje jua lilifika ukutani.

"Wewe," akamwambia mwanawe, macho bado yamefumba. "Dada yako akiamka mwambie aninyooshee gauni la bluu. Mchana utanipeleka kwa mama yake huyu."

Fundi akainua kichwa. "Kumwambia nini, mama?"

"Simwambii kitu," akasema Mkunga. "Naenda kuomba."